Kabla ya kuomba vitanda vipya, tuhesabu siku za wagonjwa wa upasuaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie malalamiko ambayo wasomaji wenzangu wamekuwa wakiyaleta humu, ya ndugu zao kulazwa mzungu wa nne katika wodi za upasuaji, na wengine kutandikiwa godoro sakafuni katikati ya vitanda viwili. Malalamiko hayo ni ya kweli. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 31, na 17 ya mwisho niliitumikia wodi moja tu, ya upasuaji wanaume, katika hospitali ya Kanda ya Ziwa ambayo sitaitaja, kwa kuwa nitakayoyasema si ya hospitali hiyo peke yake na wengi niliofanya nao kazi bado wako zamu. Ninapotofautiana na wasomaji hao ni kwenye dawa wanayoipendekeza, yaani jengo jipya na vitanda vingine. Kwa niliyoyaona, sehemu kubwa ya siku ambazo mgonjwa wa upasuaji anakimiliki kitanda ni siku za kungoja: anangoja kupasuliwa, na akishapasuliwa anangoja kuondoka.

Nitaeleza habari za kijana mmoja wa bodaboda aliyeletwa akiwa amevunjika mfupa wa paja. Wakati huo nilikuwa nimeanza kuandika katika daftari la kaunta, kwa utashi wangu, tarehe za kila mgonjwa aliyevunjika paja, na kwa hiyo haya siyatoi kichwani. Aliingia Ijumaa jioni. Jumamosi alipigwa eksirei, mguu ukafungwa kamba na kuvutwa kwa kidumu cha mafuta ya kula tulichokijaza maji lita 5, maana mawe yetu ya mizani yalikuwa yananing'inia kwenye vitanda vya wengine. Siku za upasuaji wa mifupa kwetu zilikuwa Jumanne na Alhamisi. Jumanne ya kwanza hakuorodheshwa, kwa kuwa damu yake ilipimwa ikakutwa 7 na ilibidi ndugu waje kuchangia. Ndugu walikuwa wilaya nyingine, wakafika Alhamisi. Jumanne ya pili aliandikwa wa nne kwenye orodha. Tulimfungisha tangu saa sita usiku, hata tone la maji hakupewa, akakaa hivyo hadi saa tisa alasiri midomo imempasuka, ndipo thieta wakapiga simu kwamba kina mama wawili wenye uchungu pingamizi wameingia na nafasi hakuna tena. Alhamisi iliyofuata nguo za thieta hazikuwa zimekauka. Ilikuwa masika, mashine ya kukaushia ya dobini ilikuwa imekufa, na yale mashuka ya kijani yalikuwa yameanikwa kibarazani yakichuruzika. Jumanne ya tatu kila kitu kilikuwepo isipokuwa chuma chenyewe cha kuunga mfupa, kwani baba yake alikuwa amelipa nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa bado ni mahindi ambayo hayajapata mnunuzi.

Jioni ya siku hiyo, nilipomgeuza nimfute mgongo, niliona kidonda cha ukubwa wa sarafu juu kidogo ya makalio. Hakuja nacho, alikipata kwetu, kwa kulala chali siku 19 mguu ukiwa umefungwa. Daktari alikataa kupitisha chuma ndani ya mfupa wa mtu mwenye kidonda kibichi hatua chache kutoka hapo anapokata, na sikumlaumu. Tulikihudumia mpaka kikakauka, kijana akapasuliwa Alhamisi ya nne, na kazi yenyewe haikufika saa mbili. Kesho yake mtu wa mazoezi alimsimamisha kwa magongo. Jumatatu, kwenye raundi ya asubuhi, daktari aliandika ruhusa. Aliondoka Jumatatu iliyofuata, baada ya wiki nzima ya kutembeatembea koridoni na kucheza bao na wenzake, akisubiri bili ipunguzwe na karatasi ya ustawi wa jamii isainiwe, na mwenye saini alikuwa semina.

Ukihesabu usiku aliolala, alikaa siku 38. Kati ya hizo 27 zilikuwa kabla ya kisu na 7 zilikuwa baada ya kuambiwa nenda nyumbani. Siku ambazo hospitali ilikuwa inamponya kwa maana hasa ya neno ni 4. Sisemi kwamba kila mgonjwa alikuwa hivi, lakini katika daftari langu hakuwa wa ajabu, na mtu yeyote aliyewahi kuuguza katika wodi ya mifupa atamtambua.

Wataalamu wanapoorodhesha mambo yanayorefusha siku za mgonjwa wa upasuaji huanza na mgonjwa mwenyewe: umri, kisukari, upungufu wa damu, lishe duni, kama alikuja kwa dharura au kwa miadi, na ukubwa wa upasuaji wenyewe. Yote ni sahihi. Mzee mwenye kisukari aliyefika na utumbo uliojisokota tangu juzi hawezi kutoka siku moja na kijana wa henia aliyepangiwa tarehe mwezi mmoja kabla. Lakini orodha hiyo ina faraja fulani kwetu sisi watumishi, kwa sababu inatuwezesha kusema kwamba mgonjwa amekaa sana kwa kuwa aliletwa amechelewa. Ndiyo, aliletwa amechelewa. Na sisi tulimchelewesha mara ngapi?

Chukua maambukizi ya kidonda, ambayo wauguzi tunayajua kwa harufu kabla hatujafungua bandeji. Mwaka 2018 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ukiwahusu wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 11,000. Karibu mmoja kati ya kila watano alipata tatizo baada ya upasuaji, na tatizo lililoongoza lilikuwa maambukizi, ingawa wengi wa wagonjwa hao walikuwa vijana na wenye hali nzuri kuliko wanaopasuliwa katika nchi tajiri. Kidonda kikitunga usaha, mtu aliyetarajiwa kukaa siku 4 anaweza kufikisha wiki 3, kwa kusafishwa kila siku na pengine kurudishwa thieta kufunguliwa na kushonwa upya.

Baadhi ya maambukizi hayo hatuwezi kuyazuia, lakini mengine tunayaalika. Kwa miaka mingi tangu nilipoanza kazi, kazi ya mwisho ya muuguzi wa usiku ilikuwa kuwanyoa watu wa orodha ya kesho, na ndugu walitumwa dukani kununua wembe. Tulinyoa gizani, kwa maji ya baridi, na asubuhi ngozi ilikuwa na vijichanjo vidogo vidogo ambavyo kila kimoja ni mlango wa wadudu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unakataza wembe waziwazi: nywele ziachwe, au zikilazimu ziondolewe kwa mashine ya kukatia. Mwongozo huohuo unasema dawa ya kuzuia maambukizi itolewe ndani ya saa 2 kabla ya kukata, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwa nia ya kuzuia tu. Hapa pana siku nyingi za kitanda zilizofichika. Nimewaona wagonjwa wa henia na wa busha, vidonda vyao vikavu kabisa, wakibakizwa siku 5 wodini “kumalizia sindano” ambazo hawakuwa na haja nazo. Mgonjwa asiye na maambukizi ambaye hana kazi nyingine wodini zaidi ya kungoja sindano ya saa kumi na mbili jioni, amelala kitanda kimoja na mwenye usaha, yuko mahali pa hatari kuliko nyumbani kwake.

Kufungishwa nako nitakusemea kidogo, kwa kuwa wasomaji wengi wamekupitia. Kanuni ya wataalamu wa usingizi kwa upasuaji uliopangwa ni saa 6 bila chakula chepesi na saa 2 bila maji. Sisi tulifungisha kila mtu tangu usiku wa manane, wa kwanza kwenye orodha na wa sita vilevile, kwa sababu hakuna aliyeweza kutuambia wa sita ataitwa saa ngapi. Akiahirishwa mara tatu katika wiki mbili, mtu huyo amefunga siku tatu bila thawabu, na kila mara anakwenda thieta na nguvu pungufu za kuunga nyama na mfupa.

Katika miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, alichukua wagonjwa wa kukatwa utumbo mpana, ambao kwa desturi walikaa wiki moja hadi mbili, akapanga upya kila kilichokuwa kikifanywa kwao: wasifungishwe zaidi ya inavyohitajika, maumivu yatulizwe kwa njia zisizowalevya, mipira ya mkojo na ya tumboni itolewe mapema au isiwekwe kabisa, wale na kushuka kitandani siku ileile. Katika mfululizo wake wa wagonjwa, wengi wakawa wanatoka baada ya siku 2 hivi. Naandika habari hii kwa tahadhari, kwani nimeshasikia watu wakisema hayo ni ya Ulaya. Yapo ya Ulaya kweli, mathalani muuguzi anayekupigia simu nyumbani kesho yake. Lakini uji, kutoa mpira kwa wakati na kumshika mtu mkono atembee hadi dirishani hakuhitaji msaada wa wafadhili. Kunahitaji muuguzi mwenye nafasi, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa muuguzi mmoja wa usiku mwenye wagonjwa 50 hamtembezi mtu. Anagawa dawa na kuomba kukuche.

Kwa mifupa hasa, mabadiliko makubwa tumeyaona hapahapa nchini. Zamani paja lililovunjika lilivutwa kwa kamba wiki 6 au zaidi, mgonjwa akiwa chali muda wote. Mwaka 1999 daktari Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN katika mji wa Richland, jimbo la Washington, likatengeneza chuma cha kupitishwa ndani ya mfupa bila kuhitaji ile mashine ya eksirei ya thieta ambayo hospitali nyingi za Afrika hazina. Chuma hicho kimetumika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, na katika hospitali kubwa nyingine. Mtu anayewekewa chuma mapema anaweza kushika magongo kesho yake badala ya kuhesabu mbao za dari mwezi na nusu. Jambo lililonivutia zaidi katika mpango huo, hata hivyo, ni sharti lake: hospitali hupelekewa vyuma vingine kadiri inavyotuma taarifa ya kila upasuaji uliofanyika. Bila taarifa, kabati linabaki tupu. Ukitaka daktari ajaze fomu, hiyo ndiyo njia.

Hata hivyo, chuma kilichomo kabatini hakimsaidii ambaye hajalipia. Kamisheni ya The Lancet ya mwaka 2015 kuhusu upasuaji duniani ilikadiria kwamba kila mwaka watu milioni 33 wanatumbukia katika gharama za kuwafilisi kwa kulipia upasuaji na dawa za usingizi, na wengine milioni 48 kwa gharama zisizo za matibabu, yaani nauli, chakula na malazi ya kuifuata huduma. Hesabu hiyo ya pili haikunishangaza. Mzee yule wa mahindi alikuwa akilala nje, kwenye veranda ya wodi ya watoto, na kila siku mwanawe aliyokaa ilimlazimu kununua chakula cha watu wawili kwa fedha ileile aliyoileta kwa ajili ya chuma, hivyo kadiri alivyongoja ndivyo uwezo wa kulipa ulivyozidi kumkimbia. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Rai yangu kwa wanaopanga kitita chake ni kwamba vyuma vya mifupa visiachwe pembeni kama vitu vya anasa, kwa sababu siku 20 za kitanda, chakula, dawa ya kidonda cha mgongo na kazi ya wauguzi nazo zinalipwa na mtu, hata kama hazionekani kwenye risiti.

Kuhusu waliokwisha ruhusiwa na hawaondoki kwa deni, jirani zetu wamefikishana mahakamani. Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuia kina mama wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya bili kulikiuka haki zao za kikatiba. Mimi nitaongeza hoja ya kiuguzi tu: mdaiwa akiwa amelala kitandani halipi, na mgonjwa mpya anayelala chini kwa sababu yake anajenga deni jingine.

Si kila anayebaki amezuiwa. Wapo wanaobakizwa wangoje nyuzi kutolewa, siku 10 hadi 14, kwa kuwa kwao ni mbali na daktari hana hakika kama zahanati ya kijiji itapokea kazi hiyo. Barua nzuri ya rufaa ya kurudi, inayosema nyuzi zitolewe tarehe fulani na dalili za hatari ni hizi, ingewatoa wengi. Wapo wengine ambao ni familia inayokataa. Nimeshafuatwa na shangazi wa mgonjwa, mama mtu mzima, akaniambia kwa upole, “Mwanangu, mnamtoaje na kidonda bado kinaonekana?” Nilijifunza kutomjibu kwa haraka. Nilimkalisha, nikafungua bandeji mbele yake, nikamwonyesha kwamba mshono umeshikana na hauna maji, kisha nikamwomba aufunge yeye kwa mkono wake. Jioni hiyo waliondoka. Dakika 20 za maelezo zilikomboa kitanda siku 3, lakini ni dakika ambazo hazimo katika ratiba ya mtu yeyote.

Na raundi nazo zina makosa yake. Asiyeandikiwa ruhusa Ijumaa asubuhi ajue ni wa Jumatatu, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili yupo daktari wa zamu tu, naye hapendi kuruhusu mgonjwa asiyemfahamu. Dawa ya hili ni ndogo sana: Ijumaa daktari bingwa aandike kwenye faili kwamba akiamka hana homa na anakula, atoke kesho bila kusubiri mtu.

Naomba nisieleweke vibaya kwamba siku chache ndio uzuri. Hospitali ikitaka kujisifu kwa wastani mdogo wa siku za kulazwa ni rahisi. Mgonjwa aliyefariki siku ya tatu anaupunguza, aliyetoroka usiku kukimbia bili anaupunguza, na aliyetolewa mapema akarudi na usaha anahesabiwa kama mgonjwa mpya. Wastani pekee hauwezi kutuonyesha kijana wa bodaboda alipopotezea siku zake 34. Ninachokiomba kwa waganga wafawidhi, na kwa Wizara ikiona inafaa, ni kwamba kwa kila mgonjwa wa upasuaji ziandikwe tarehe nne juu ya jalada la faili: alipolazwa, alipopasuliwa, aliporuhusiwa, na alipotoka mlangoni. Pembeni ya tarehe ya kuahirishwa, kama ipo, liandikwe neno moja la sababu, iwe damu, chuma, thieta, nguo au fedha. Mwisho wa mwezi muuguzi kiongozi azihesabu, zibandikwe ofisini. Hospitali ambayo sababu yake kubwa ni “nguo” inahitaji mashine ya kukaushia, na bei yake haifikii hata ukuta mmoja wa wodi mpya. Ambayo sababu yake ni “thieta” huenda inahitaji chumba cha pili kwa ajili ya kina mama wa dharura, ili orodha ya Jumanne isiliwe kila wiki. Na ikiwa baada ya hesabu hiyo vitanda bado havitoshi, hapo nitakuwa wa kwanza kuunga mkono jengo.

Daftari langu la kaunta bado ninalo. Kurasa zake zimeliwa kidogo na mchwa pembeni, lakini tarehe zote zinasomeka, nami nitalipeleka kwa mganga mfawidhi yeyote atakayetaka kuona jinsi safu zilivyochorwa.

Muuguzi mstaafu,
Kanda ya Ziwa.